Nati ya jiliwa ichomelewe skrubu ikiwa ndani yake

Anayetaka kujitengenezea jiliwa dogo, yaani kifaa cha kubania kitu kinapofanyiwa kazi, kwa vyuma chakavu aanze kwa kutafuta skrubu, kwa maana huo ndio moyo wa kifaa chenyewe. Skrubu ya jeki kuukuu ya gari inafaa kuliko bolti ya kawaida, kwa sababu meno yake ni mapana na huhimili kubanwa; lakini ikikosekana, bolti ya milimita 16, ambayo kwa kawaida husogea milimita 2 kwa kila mzunguko, itatosha kwa kazi za nyumbani. Mataya yakatwe kutoka chuma kinene cha engo (chenye umbo la L), na taya linalosogea libebwe na bomba la mraba linaloingia ndani ya jingine bila kuchezacheza.

Panapoharibika kazi mara nyingi ni kwenye kuchomelea nati ambamo skrubu huzunguka. Joto huivuta ikakaa upande, nami nimewahi kulazimika kukata upya kazi ya siku nzima kwa kosa hilo. Pitisha skrubu kwanza, shikiza nati kwa nukta fupi za kuchomelea katika pande zinazokabiliana, kisha uizungushe skrubu kidogo kidogo chuma kinapopoa. Nati yenye zinki iondolewe zinki hiyo kwa tupa kabla ya kuchomelewa, tena mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

Hapa Tanga upepo wa baharini hauchelewi kuleta kutu, hivyo meno ya skrubu yapakwe grisi nzito na mataya yafutwe kwa kitambaa chenye mafuta kila kazi inapokwisha.