Namna ya Kupanga Safari ya Kifahari Serengeti na Ngorongoro

Anayepanga safari ya kifahari katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania huanza, mara nyingi, kwa kutazama picha za mahema: kitanda chenye chandarua cheupe, beseni la kuogea lililowekwa mbele ya uwanda mpana, meza iliyoandaliwa chini ya mgunga. Picha hizo hazidanganyi, lakini humfanya mtu aanze na jambo lililopaswa kuja la tatu. La kwanza ni mwezi atakaosafiri, la pili ni mahali wanyama watakapokuwa katika mwezi huo, na hema huchaguliwa baada ya hayo mawili kufahamika.

Nilijifunza hili kwa gharama. Tulipowapeleka wazazi wetu kuadhimisha miaka 40 ya ndoa yao, tulipanga hifadhi nne kwa siku tano, tukalala kila usiku mahali papya na kila alfajiri tukafunga mizigo. Mama alipoulizwa na jirani zake ameona nini, alianza kwa kueleza vumbi la barabarani. Miaka mitatu baadaye tuliwarudisha kwa siku saba katika sehemu mbili tu, na hadi leo kila mgeni anayeingia nyumbani husimuliwa habari za duma jike ambaye Mama alimtazama kwa zaidi ya saa nzima akiwafundisha wanawe kunyemelea swala. Ndiyo maana nasema kwamba kinachonunuliwa katika safari ya kifahari ni muda: nafasi ya kukaa palipo na jambo la kutazama bila kuhimizwa kuondoka. Mapendekezo yote yanayofuata yanatokana na hilo.

Tuanze na majira. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, na nyumbu zaidi ya milioni moja, wakifuatana na pundamilia na swala kwa malaki, huizunguka pamoja na maeneo jirani mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi. Kuanzia Desemba hadi Machi makundi makubwa huwa kwenye nyanda za kusini, karibu na Ndutu, mahali ambapo udongo umetokana na majivu ya volkano na nyasi zake fupi zina madini yanayohitajiwa na nyumbu wanaonyonyesha. Uzazi hufikia kilele mwezi Februari, na katika wiki hizo chache ndama huzaliwa kwa maelfu kila siku, jambo linalowavuta simba, fisi na duma kwenye uwanda ulio wazi usio na kichaka cha kuzuia macho. Mimi binafsi, kama ningeruhusiwa safari moja tu, ningechagua Februari.

Masika ya Aprili na Mei huwakuta nyumbu wakielekea kaskazini-magharibi; barabara hugeuka matope, baadhi ya kambi hufungwa, na zinazobaki wazi hushusha bei kwa kiasi kikubwa. Mwezi Juni wengi wao huwa upande wa Mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, katika eneo la Kogatende na ng'ambo ya mpaka katika Maasai Mara ya Kenya, na hapo ndipo wanapouvuka na kuuvuka tena Mto Mara wenye mamba na viboko. Mvua za vuli za Novemba huwarudisha kusini. Mpangaji akumbuke, hata hivyo, kwamba ratiba hii huandikwa na mvua, na mvua huchelewa au huwahi. Wakala anayekuahidi siku maalumu ya kuona nyumbu wakivuka mto hastahili kupewa malipo ya awali. Makundi yanaweza kusimama ukingoni tangu asubuhi hadi alasiri, kisha yakageuka na kurudi malishoni, kwa hiyo anayeufuata uvukaji huo ajiwekee angalau usiku tatu karibu na mto, na usiku nne ni bora zaidi.

Ngorongoro huhitaji hesabu tofauti. Chini ya kreta, yaani shimo kubwa lililoachwa na volkano iliyoporomoka, kuna kilometa za mraba zipatazo 260, zilizozungukwa na kuta zenye kimo cha takriban meta 600, na ndani yake wapo vifaru weusi, ambao ni adimu kuonekana kwingineko kaskazini mwa nchi. Hairuhusiwi kulala chini humo. Magari hushuka asubuhi na kupanda kabla ya jioni, tena kila gari hulipiwa ada ya kushuka iliyo mbali na ada za watu. Usiku mmoja au miwili ukingoni hutosha, ilimradi dereva awe tayari kushuka mara lango linapofunguliwa. Ukingo uko kwenye mwinuko wa meta 2,300 hivi, na baridi ya Julai huko huwashangaza hata watu wa Arusha, kwa hiyo sweta na koti ni lazima.

Hifadhi ya Tarangire ningeiongeza tu kwa anayesafiri kati ya Juni na Oktoba, wakati ukame unapowakusanya tembo kando ya mto unaobeba jina hilo. Hivyo, kwa Agosti ningependekeza usiku mbili Tarangire, mmoja Ngorongoro na nne Kogatende. Kwa Februari, usiku mbili Ngorongoro na nne au tano Ndutu, bila kuongeza kitu kingine. Anayechukia kukuta magari mengi akiwa amelipa fedha nyingi afikirie kusini, Ruaha au Nyerere, ambako wageni ni wachache zaidi na, katika Nyerere, wanyama hutazamwa pia kutoka kwenye boti juu ya Mto Rufiji.

Kuhusu usafiri, kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilometa 300 ambazo huchukua saa saba au nane kwa gari, na Kogatende iko saa nyingine tatu au nne mbele. Njia hiyo ina mandhari nzuri, lakini haifai kupitiwa mara mbili. Mpango unaofaa familia nyingi ni kwenda kwa gari, mkilala njiani Ngorongoro, na kurudi kwa ndege ndogo inayoruka kutoka kiwanja cha karibu na kambi hadi Arusha au Zanzibar. Ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu kwa abiria, zikiwa katika begi laini lisilo na fremu, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu. Sanduku gumu la magurudumu huweza kukataliwa, na ni afadhali kuliacha hotelini Arusha kuliko kubishana uwanjani.

Sasa tufike kwenye kambi. Zipo loji za kudumu, zipo kambi za mahema zinazohamishwa kati ya Ndutu na kaskazini kufuata nyumbu, na yapo maeneo yaliyokodishwa kwa mwendeshaji mmoja nje ya mipaka ya hifadhi, kama vile Grumeti upande wa magharibi. Tofauti yake si ya vitanda pekee. Ndani ya hifadhi ya taifa gari haliruhusiwi kuacha barabara, nalo lazima liwe limerejea kambini giza linapoingia. Katika maeneo ya binafsi mnaweza kumfuata chui nje ya barabara, kutoka usiku kwa taa, na kutembea kwa miguu mkiwa na askari mwenye silaha. Gharama ya kambi za daraja hili huanzia kwenye dola 700 au 800 za Marekani kwa mtu kwa usiku na kupita dola 2,000, na ni haki yako kujua unalipia nini. Uliza kambi ina mahema mangapi. Uliza pia ni dakika ngapi kwa gari hadi mtoni au kwenye uwanda, na uombe jibu hilo kwa maandishi. Kisha uliza kama gari ni lenu peke yenu au mtachanganywa na wageni wengine.

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Kama bajeti inabana, punguza daraja la hema kabla ya kupunguza gari la peke yenu, maana ndani ya gari la pamoja anayetaka kumsubiri duma hushindwa na anayetaka kurudi kupata kifungua kinywa. Vivyo hivyo, mwongoza watalii mzuri ana thamani kuliko bwawa la kuogelea. Wengi walio bora wamepita katika Chuo cha Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, au wamelelewa kazini na wazee wa kazi hiyo. Omba kutajiwa jina la atakayewaongoza, miaka aliyofanya kazi katika eneo husika, na uzungumze naye kwa simu kabla ya kulipa. Familia inayozungumza Kiswahili iseme wazi kwamba inataka maelezo kwa Kiswahili, kwa kuwa waongoza watalii wamezoea kuwahudumia wageni kwa lugha za kigeni na huanza hivyo kwa mazoea. Baba yetu, aliyenyamaza safari nzima ya kwanza, safari ya pili aliuliza maswali mpaka jua lilipozama.

Katika fedha, tafuta wakala mwenye leseni ya utalii iliyo hai, na uanachama wa TATO, chama cha mawakala wa utalii, ni dalili nzuri ya ziada. Malipo yaingie kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si ya mtu binafsi. Hakikisha bei uliyopewa inataja ada za hifadhi, ada ya kulala ndani ya hifadhi na kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu hayo matatu yakiachwa nje hubadilisha jumla kabisa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada za kuingia kwa shilingi na kwa kiwango kidogo mno kikilinganishwa na cha wageni, lakini ni lazima waonyeshe kitambulisho au pasipoti langoni. Ndugu aliyechukua uraia wa nchi nyingine ahesabiwe mapema kama mgeni ili asiivuruge bajeti ya wote. Ulizia pia bei za wakaazi, ambazo kambi nyingi za kifahari huwa nazo nje ya msimu wa wageni wengi ingawa hazizitangazi. Kwa Julai, Agosti na Februari, weka nafasi mwaka mmoja kabla.

Afya isiachwe hadi wiki ya mwisho. Walioishi Ulaya, Ghuba au Amerika kwa miaka mingi hudhani mwili wao bado unaikumbuka malaria, ilhali kinga hiyo hupungua mtu anapokaa mbali nayo. Wamwone daktari na watumie dawa za kuzuia kama mgeni mwingine yeyote. Bima iwe na kipengele cha kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa. Nguo za bluu na nyeusi huwavuta mbung'o, hasa Tarangire na magharibi mwa Serengeti, kwa hiyo rangi ya khaki au kijani iliyofifia ni salama zaidi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ndege zisizo na rubani haziruhusiwi hifadhini bila kibali maalumu.

Wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka, iandikie kambi kuhusu watu wenyewe. Waeleze kama kuna wanaokula halali tu, kama kuna mwenye kisukari, kama kuna mzee ambaye magoti yake hayapandi gari refu bila kingazi. Wapishi wa kambi hizi wamezoea kuandaa vyakula vya Kizungu kwa kuwa ndivyo vinavyoombwa, lakini wakipewa taarifa mapema watapika ugali, samaki wa nazi au ndizi kwa furaha inayoonekana. Kwa kuwa kambi nyingi hazina uzio, muombe hema lililo karibu na ukumbi wa chakula kwa ajili ya wazee, na kila mmoja aelezwe, watoto wakiwamo, kwamba baada ya giza hatoki hemani bila askari wa kumsindikiza. Kambi nyingi hazipokei watoto wadogo sana, hivyo umri wa kila mtoto utajwe tangu barua ya kwanza.

Bakshishi iandaliwe nyumbani, katika bahasha mbili: moja ya mwongoza watalii, akabidhiwe mkononi siku ya mwisho, na nyingine ya wafanyakazi wote wa kambi, iingizwe kwenye sanduku la pamoja ili mpishi na mfua nguo nao wapate. Ndege ya kurudi ichaguliwe ile ya mchana badala ya ile ya asubuhi, kwani kwa tofauti ya saa chache mtapata alfajiri moja zaidi ya kutoka na gari, mkiwa na mizigo nyuma, mkielekea kiwanjani kwa njia ndefu.