Jinsi ya kuendelea kupatikana kwa simu dhoruba inapokata umeme: mwongozo kwa wakazi wa Kigoma

Msimu wa mvua mkoani Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo upepo huangusha miti juu ya nyaya, radi hupiga transfoma, na umeme hukatika kwa saa chache au kwa siku nzima. Mimi ni fundi simu, na wateja wengi wanaonijia baada ya dhoruba hulalamika kwamba chaji iliisha ilhali simu haikutumika. Malalamiko hayo yana msingi, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nipange hatua zifuatazo jinsi nilivyozipanga.

Huduma ya simu hutegemea betri mbili: iliyo mfukoni mwako na iliyo chini ya mnara. Umeme ukikatika, mnara huendelea kufanya kazi kwa betri zake, na baadhi ya minara ina jenereta pia. Lakini betri hizo hudumu saa kadhaa tu, na jenereta huhitaji mafuta ambayo gari linaweza kushindwa kuyafikisha barabara ikijaa matope. Mnara wa karibu ukizimika, simu huutafuta ulio mbali, na kadiri mnara unavyokuwa mbali ndivyo simu inavyotumia nguvu nyingi zaidi kurusha mawimbi yake. Ikikosa mnara kabisa, hurudia kutafuta tena na tena, hata ikiwa imelala mezani bila kuguswa na mtu.

Hatua ya kwanza: weka akiba ya umeme kabla ya msimu

Betri ya simu janja nyingi za leo ina mAh 5,000 (kipimo cha ujazo wa betri), sawa na takribani wati-saa 18.5 za nishati. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37, lakini kwa kuwa sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto, usitarajie ijaze simu hiyo mara mbili kamili. Mara moja na nusu au zaidi kidogo ndiyo hesabu ya kweli. Pawabenki iliyoandikwa namba kubwa mno huku ikiwa nyepesi mkononi iache dukani.

Mwenye betri ya sola ya volti 12 na Ah 7 ana wati-saa 84, ila betri za namna hiyo, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, huharibika mapema zikizoeshwa kutumika hadi mwisho, kwa hiyo panga kutumia nusu yake, inayotosha kujaza takribani simu mbili. Paneli usiiunganishe na simu moja kwa moja kwa namna yoyote: paneli ya mfumo wa volti 12 huweza kutoa volti 20 juani, wakati chaji ya kawaida ya simu ni volti 5. Pitisha umeme huo kwanza kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa sola) na betri, kisha uichaji simu kwa chaja inayotoa volti 5. Kumbuka pia kwamba siku ya mawingu mazito paneli hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na siku za namna hiyo ndizo unazoihitaji zaidi.

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, ushauri wangu ni kununua simu ya kitochi badala ya pawabenki. Betri yake ni ndogo, lakini kioo chake hakili umeme na hakuna programu zinazofanya kazi kimyakimya, kwa hiyo hukaa na chaji kwa siku kadhaa.

Laini ya pili ya kampuni nyingine inasaidia, ingawa si dhamana, kwa sababu mara nyingi mitambo ya kampuni mbili au tatu hufungwa juu ya mnara mmoja na hutegemea chanzo kimoja cha umeme. Waulize majirani ni laini gani iliyoendelea kushika mtandao dhoruba iliyopita, kwani jibu la Ujiji linaweza lisiwe jibu la Kasulu.

Hatua ya pili: mawingu yanapokusanyika

Jaza simu na pawabenki mapema, weka salio la kupiga simu, na uandike kwenye karatasi namba tano au sita muhimu. Ngurumo zikianza, chomoa chaja ukutani. Wako wanaoamini kwamba simu huvuta radi. Simu isiyounganishwa na waya haifanyi hivyo, na unaweza kuzungumza nayo ukiwa ndani ya nyumba. Hatari iko kwenye waya, kwa kuwa radi ikipiga laini ya umeme husafiri hadi kwenye soketi, kisha kwenye chaja, kisha kwenye mkono ulioshika simu.

Hatua ya tatu: umeme ukishakatika

Zima data, Wi-Fi na Bluetooth, na upunguze mwanga wa kioo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, na kama simu yako inaruhusu, chagua 2G (mtandao wa kizazi cha pili) pekee. Simu na ujumbe mfupi havihitaji zaidi ya hapo, na M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa hufanya kazi kwa kupiga menyu ya *150* bila intaneti. Kama simu ina laini mbili na moja haina mtandao, izime hiyo laini, kwa sababu itaendelea kutafuta mnara kwa gharama ya betri yako.

Mtandao ukipotea kabisa, weka simu katika hali ya ndege na ukubaliane na ndugu zako muda wa kuiwasha, kwa mfano dakika kumi za mwanzo wa kila saa. Hutakosa ujumbe mfupi kwa kufanya hivyo, kwani hutunzwa kwenye mitambo ya kampuni na kujaribiwa tena simu inaporudi hewani. Kwa sababu hiyohiyo, andika ujumbe badala ya kupiga pale mtandao unapokuwa dhaifu. Jambo la dharura ni tofauti: piga 112, ambayo simu hujaribu kuipitisha kwenye mtandao wowote inaoupata, hata usio wa laini yako.

Sisi wa mpakani tuna jambo la ziada. Minara ya kwetu ikizimika, simu iliyoko Manyovu, Kagunga au hata mwambaoni inaweza kushika mtandao wa Burundi au wa Kongo, na ukipiga simu utatozwa kama uliyesafiri nje ya nchi. Zima huduma ya kutumia mitandao ya nje, au chagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono. Zima pia saa inayojirekebisha yenyewe: Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, na mtu anayetegemea saa ya simu kuwahi boti Kibirizi anaweza kufika boti ikiwa imekwishaondoka.

Hatua ya nne: umeme unaporudi

Usichomeke chaja papo hapo. Umeme unaorudi baada ya dhoruba huweza kuja ukiwa mkubwa kupita kiasi, au kukatika na kurudi mara kadhaa, na chaja nyingi ninazozifungua msimu huu zimeungua wakati huo. Subiri dakika kumi au kumi na tano hadi taa zitulie. Anza na pawabenki na simu kwa pamoja, maana umeme unaweza kuondoka tena. Simu iliyoingia maji usiichaji hata kama inawaka. Izime, toa laini, na uilete kwa fundi, wala usiizike kwenye mchele, ambao hauondoi maji yaliyofika kwenye bodi na huacha unga kwenye tundu la chaji.

Mwisho, rudisha mipangilio ya mtandao kwenye 4G na uwashe data. Wateja kadhaa kila msimu huja wakidai kwamba simu imeharibika intaneti, kumbe bado iko kwenye 2G waliyoichagua wenyewe usiku wa dhoruba.