Kabla hujaenda kujifunza pikipiki: mambo ya kuzingatia kwa aliye Tabora

Tabora ukimuuliza kijana kama anajua pikipiki atakucheka. Anajua, na aliyemfundisha ni kaka yake, jioni, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ila alichofundishwa pale ni kuondoka na kubadilisha gia. Kusimama kwa dharura hakufundishwa, maana hata huyo kaka hakuwahi kufundishwa. Hiyo peke yake inatosha kumlipa mwalimu, hata kama umeshaendesha miaka mingi. Na ukishaamua kulipa, yapo ya kuweka sawa kabla ya siku ya kwanza.

Tuyamalize ya makaratasi. Utahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya muda ya kujifunzia na alama ya L kwenye pikipiki. Angalia pia daraja la leseni: A1 ni ya pikipiki isiyozidi cc 125, na A ni ya zaidi ya hapo. Mtu anajifunzia pikipiki ya cc 125, kisha ananunua ya 150 na kushangaa trafiki anapomsimamisha.

Kwenye kuchagua chuo, iwe ni VETA au cha mtu binafsi, usianze na bei. Nenda kaangalie wenzako wanavyofundishwa. Je, kuna eneo lililofungwa ambako bajaji na ng'ombe hawapiti? Wanafunzi wangapi wanagawana pikipiki moja? Saa tatu za mafunzo zikigawanywa kwa watu wanane, muda mwingi utaumalizia kivulini chini ya mwembe ukitazama wenzako. Ukiangusha pikipiki ukavunja kioo au mkono wa klachi, nani analipa? Na la muhimu kuliko yote: wanafundisha breki ya dharura, au wanakuzungusha kwenye koni tu mpaka testi? Mwalimu anayekasirikia maswali hayo, mimi nisingempa hela yangu.

Kama unakwenda na pikipiki yako, ikague jana yake, siyo asubuhi fundi akiwa bado hajafungua. Pima upepo tairi zikiwa za baridi. Cheni icheze sentimita 2 hadi 3 ukiinyanyua katikati kwa kidole. Ikikaza sana inakula sproketi, ikilegea sana inaweza kuchomoka. Vuta resi mpaka mwisho kisha iachie: lazima irudi yenyewe, tena usukani ukiwa umekatwa kushoto na hata kulia. Halafu minya breki ya mbele kwa nguvu. Mkono wake ukigusa mpini, rudi kwa fundi.

Kofia ngumu usiazime. Ya kuazima imeshazoea kichwa cha mwingine, na hujui iliwahi kudondoka wapi. Ukiwa dukani, ivae, ufunge mkanda, kisha uitikise kichwani: ngozi ya mashavu na ya paji la uso iende pamoja nayo. Kofia ikizunguka peke yake, ni kubwa. Shika kwa nyuma chini, ujaribu kuisukuma ije mbele. Ikivuka, kwenye ajali itavuka pia. Kofia iliyokwisha kupigwa chini na kichwa kikiwa ndani haitumiki tena hata kama haina ufa, kwa sababu lile povu la ndani hubonyea mara moja tu na halirudi. Vaa glavu, viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, suruali ya jinzi nzito na koti. Ndala hapana, hata kama mwalimu mwenyewe anazo.

Koti hilo kwenye jua la Septemba na Oktoba ni adhabu, kwa hiyo omba vipindi vya asubuhi na ubebe maji. Mtu mwenye kiu anachelewa kuamua, na kwenye pikipiki kuchelewa kunapimwa kwa mita: kwenye kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula karibu mita 17 kabla hata hujagusa breki. Masika nayo yana yake. Msimu wa maembe, yaliyodondoka na kupondwa barabarani yanateleza kama sabuni.

Sasa breki zenyewe, maana hapa ndipo shule inapolipa. Pikipiki ikifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Tairi la nyuma linabaki jepesi na linaburuzika kirahisi. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo hiyo bodaboda wengi wanaiogopa hadi wanaiacha ife. Dawa ya woga huo ni kuijua: unaiminya taratibu kwanza mpaka mbele kuzame, halafu unaongeza, kwa vidole, bila kuikwapua. Anza kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa, lami kavu, pikipiki ikiwa imenyooka. Kumbuka mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huongezeka mara nne. Kwenye mchanga iguse kwa upole sana, na mchanga Tabora haukosekani hata kwenye lami: pale njia ya vumbi inapoingia barabara ya Nzega au ya Urambo, matairi yanaubeba na kuutandaza kwenye kona kabisa.

La pili ni macho. Pikipiki inakwenda unakotazama, kwa hiyo anayekazia macho shimo huliingia. Na ikishakuwa kwenye mwendo, ukitaka kwenda kushoto unasukuma mpini wa kushoto mbele. Kwa maneno haliingii akilini; mwombe mwalimu akuonyeshe.

Wapo wenye ndoto kubwa zaidi, ya kuingia uwanja wa mbio kama Kyalami kule Afrika Kusini siku ambayo watu wa kawaida wanaruhusiwa kwa malipo. Huko siyo mashindano. Mnagawanywa makundi kwa uwezo, kila kundi linaingia kwa zamu ya kama dakika 20, na kabla ya hapo mnapewa maelezo ya bendera: ya njano ni hatari mbele na hakuna kupita mtu, nyekundu ni kupunguza mwendo na kurudi, ya mirabamiraba ni mwisho wa zamu. Vioo vya pembeni vinatolewa au kubandikwa tepu, na taa vilevile. Nguo ni za ngozi, mwili mzima. Jiandikishe kundi la wanaoanza, hata kama nyumbani hakuna anayekupita. Ukikodi pikipiki huko huko, soma mkataba mpaka mwisho, hasa pale panaposema ikianguka unadaiwa kiasi gani, kwa sababu bima za kawaida mara nyingi hazifuniki uwanja wa mbio.