Simu ya zamani inayomsemesha Kambo

Kambo wangu, yaani mzazi wa mzazi wangu, anaishi peke yake Katuba, hapa Lubumbashi, na hataki kabisa kuhama lupangu lake, yaani kiwanja na nyumba yake. Mwaka 2022, huko Marekani, jimbo la New York lilitangaza kuwapa wazee zaidi ya 800 roboti ya mezani iitwayo ElliQ. Kilichonivutia ni kwamba roboti hiyo haingoji kuitwa, inaanza yenyewe kusema. Kuinunua siwezi, lakini hilo hata simu ya Android iliyopasuka kioo inaliweza.

Anza na sauti. Jirekodi mwenyewe, kwa Kiswahili mnachosema nyumbani, kisha uichague rekodi hiyo iwe mlio wa alamu. Mwanzoni niliweka sauti ya mashine. Saa moja jioni, umeme umekatika, Kambo akasikia mtu asiyemjua akimsalimia. Akainuka gizani kwenda kufungua mlango, akajikwaa kwenye ndoo. Goti lilivimba wiki nzima. Niliumia sana, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo kila rekodi inaanza hivi: “Kambo, ni miye Mado, niko nasema mu simu. Ikala tu.” Maana yake, kaa tu. Halafu ndiyo nasema: “Kunywa dawa ya presha, ile ya kifuniko nyekundu.” Ukiuliza swali, nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Mzee anataka nafasi ya kujibu, na Kambo hujibu kweli: “Eyo, mama.”

Kwenye mipangilio ya saa, weka kitufe cha sauti ndicho kizime alamu, maana kutelezesha kidole kikavu kwenye kioo kunamsumbua. Simu ikae mahali pamoja, kwenye chaja ya sola.

Kamera usiweke kama mwenyewe hataki. Kambo aliniuliza, “Macho ya nani humo?” Nikaiacha. Badala yake, alamu ya asubuhi inamwomba atoe mbabula, jiko lake la makaa, nje. Saa moja na nusu mtoto wa jirani anachungulia. Asipoiona, anabisha hodi, kisha ananipigia.

Rekodi za salamu zibadilishe kila wiki, la sivyo atazizoea na kuacha kuzisikiliza. Jumapili iliyopita niliweka mtoto wangu akihesabu hadi ishirini. Akaruka kumi na tano, na Kambo akaiambia simu irudie.