Kusafisha na Kupanga Upya Diski ya Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani

Kompyuta ya mezani iliyo sebuleni kwetu hapa Jinja ina diski ya gigabaiti 160 na mfumo wa Windows 7. Watoto huandikia humo kazi za shule, mama yao huweka hesabu za duka, na picha za familia za miaka mingi zimehifadhiwa humo humo. Ilifika siku ambapo mtu angeweza kuiwasha, akaenda kuchemsha chai, na kurudi akaikuta bado haijawa tayari. Nilishauriwa ninunue nyingine, lakini niliamua kuisafisha kwanza. Ninaeleza hapa utaratibu nilioufuata kwa sababu mfuatano wa hatua una uzito kuliko hatua yoyote moja: kuunganisha vipande vya faili ni kazi ya mwisho, na anayeianza mapema anaweza kupoteza kile alichotaka kukitunza.

Diski za kompyuta za zamani ni sahani zenye sumaku ambazo huzunguka mara 7,200 kwa dakika katika nyingi za mezani, na mara 5,400 katika nyingi za mapajani, huku kichwa kidogo cha kusomea kikienda na kurudi juu yake. Unapohifadhi faili, mfumo hutafuta nafasi tupu, na nafasi hiyo isipotosha, faili hukatwa na kipande kingine kuwekwa mbali. Mkulima mwenye shamba moja la ekari nne hulima asubuhi nzima bila kuhama, lakini mwenye robo ekari hapa, nusu ng'ambo ya kijito na nyingine kijiji cha pili hutumia nusu ya siku njiani akiwa na jembe begani. Kichwa cha diski nacho hupoteza muda njiani kwa namna hiyo hiyo. Kila kinapohama na kusubiri sahani izunguke, milisekunde 14 hivi hupita. Faili iliyokatwa vipande 500 huongeza takriban sekunde saba za kungoja, kabla hata hatujahesabu faili nyingine nyingi zinazohitajika wakati wa kuwasha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama diski yako ni ya aina hii. Ikiwa fundi aliwahi kukubadilishia diski na kukuwekea SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyo na sehemu zinazozunguka, usiunganishe vipande kabisa, kwa kuwa SSD haina sahani wala kichwa kinachosafiri, na chembe zake za kuhifadhia zina kikomo cha kuandikwa. Katika Windows 8 na matoleo yaliyofuata, programu ya "Optimize Drives" huonyesha aina ya kila diski. Katika Windows 7, fungua "Device Manager", nakili namba ya modeli iliyo chini ya "Disk drives", kisha uitafute kwenye intaneti.

Baada ya hapo weka nakala ya akiba. Nakili nyaraka na picha zote kwenye diski ya nje au flashi ambayo haitumiki kwa shughuli nyingine. Ninasisitiza neno hili kwa sababu flashi inayopelekwa kila wiki kwenye duka la kuchapisha na kutoa fotokopi hurudi na virusi mara kwa mara, hasa vile vinavyoficha folda zote na kuacha vijia vya mkato ("shortcuts") mahali pake. Ukiikuta flashi yako katika hali hiyo, usiifute, maana mara nyingi faili zimefichwa tu. Isafishe kwa programu ya kuondoa virusi, kisha fungua dirisha la amri ("Command Prompt") na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Nakala ikishakamilika, fungua picha mbili tatu kutoka kwenye nakala yenyewe ili uhakikishe kwamba zinafunguka, kisha uchomoe chombo hicho na kukiweka kabatini.

Hatua inayofuata hurukwa na wengi, nayo ni kupima afya ya diski. Kuunganisha vipande hulazimisha diski kusoma na kuandika kwa saa nyingi mfululizo, na diski inayokaribia kufa inaweza kufia hapo hapo. Isikilize kwanza: mlio wa kugonga unaojirudia ni dalili mbaya, nayo ni sababu ya kuacha kazi yote na kutafuta diski nyingine. Kisha, katika dirisha la amri, andika wmic diskdrive get status. Jibu la "Pred Fail" maana yake diski yenyewe inatabiri kuharibika. Jibu la "OK" linatia moyo, ingawa halithibitishi kwamba diski ni nzima. Mwisho, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika chkdsk C: /f, ukubali kwa kubonyeza Y, na uwashe kompyuta upya ili ukaguzi ufanyike kabla mfumo haujaamka. Ukiandika /r badala ya /f, kila sehemu ya diski itasomwa, na kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa.

Umeme nao ni sehemu ya kazi hii. Kwa kawaida UPS ya nyumbani, yaani betri ya akiba ya kompyuta, hutosha kuokoa ulichokuwa ukiandika na kuzima kwa utaratibu, lakini haiwezi kuendesha kompyuta ya mezani kwa saa nne. NTFS, yaani utaratibu ambao Windows hutumia kupanga faili kwenye diski, huweka kumbukumbu ya mabadiliko yake, na programu ya Windows huhamisha vipande kwa tahadhari, kwa hiyo kukatika kwa umeme si lazima kulete maafa. Hata hivyo kuzimika ghafla huweza kuiumiza diski kuukuu. Hakikisha kwamba Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti za kutosha, na uepuke siku zenye dalili ya radi, hasa katika misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mimi nilikatikiwa na umeme katikati ya ukaguzi, nikalazimika kuuanza upya siku iliyofuata, na tangu hapo sianzi bila kutazama mawingu upande wa ziwa.

Sasa ndipo unapoweza kufuta. Diski inahitaji nafasi ya kuhamishia vipande, na kiwango kinachofaa ni asilimia 15 iwe tupu. Diski ya gigabaiti 160 huonekana katika Windows kama gigabaiti 149 kwa sababu ya namna ya kuhesabu, kwa hiyo lenga angalau gigabaiti 22. Anza na programu ya "Disk Cleanup", uchague pia sehemu ya kusafisha faili za mfumo, kisha uondoe programu usizotumia kupitia "Uninstall a program". Usifute chochote kwa mkono ndani ya folda za "Windows" na "Program Files", na usiguse sehemu ya diski inayoitwa "Recovery", hata kama inaonekana haina kazi.

Kwetu, nafasi kubwa zaidi haikuwa imeliwa na mfumo. Ilikuwa imeliwa na video za WhatsApp zilizonakiliwa kutoka simu tatu, nyingi zikiwa zile zile za harusi na mahubiri zilizorudiwa katika kila simu. Zipange kwa ukubwa, na ufute marudio kwa subira, ukiwa na wenye picha pembeni yako. Si haki mtu mmoja aamue peke yake kumbukumbu zipi za nyumba zibaki. Ikiwa kompyuta ni ya mezani na haitumii hali ya kulala kwa kina ("hibernate"), amri ya powercfg -h off huondoa faili ambayo katika Windows 7 huchukua takriban robo tatu ya ukubwa wa kumbukumbu ya RAM, yaani gigabaiti moja na nusu kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti mbili.

Kuunganisha vipande kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Fungua "Disk Defragmenter", chagua C, na ubonyeze "Analyze disk". Ikiwa mtawanyiko wa vipande ("fragmented") haufiki asilimia 10, iache diski ilivyo. Ukizidi, funga programu zote, zima kinga ya skrini, zuia kompyuta isilale yenyewe, na ubonyeze "Defragment disk". Usitarajie asilimia sifuri, kwa maana tangu Windows Vista programu hii huviacha vipande vya megabaiti 64 na zaidi, kwa kuwa kuviunganisha hakuleti faida inayoonekana.

Windows 7 imepangiwa kufanya kazi hii saa saba usiku wa kuamkia Jumatano, wakati ambapo kompyuta nyingi za nyumbani zimezimwa. Bonyeza "Configure schedule" na uchague muda ambao yenu huwa imewashwa bila kutumika. Sisi tuliweka Jumamosi saa nane mchana. Kisha andika kwenye kikaratasi tarehe, asilimia ya mtawanyiko na dakika ambazo kompyuta huchukua kuwaka, ukibandike ubavuni mwa mashine, ili atakayeifungua baada ya miezi mitatu awe na kipimo cha kulinganishia.