Kabla ya kuwasha kompyuta kwa keneli uliyoijenga mwenyewe

Ujumbe unaowatisha wengi ni huu: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Mtu akiuona hudhani diski imekufa. Mara nyingi diski ni nzima, ila keneli mpya (kiini cha Linux kinachoendesha kompyuta) haina njia ya kuifikia, na maandalizi karibu yote yanahusu hilo.

Keneli ya zamani usiiguse. Hakikisha menyu ya GRUB (programu inayokuwezesha kuchagua keneli kompyuta inapowaka) inaonekana: kwenye Debian, weka GRUB_TIMEOUT=10 katika /etc/default/grub, kisha endesha update-grub. Keneli mpya ipe jina lake kwa CONFIG_LOCALVERSION, moduli zake (vipande vya keneli vinavyopakiwa vinapohitajika) zisije zikafunika za zamani ndani ya /lib/modules. Flashi yenye Linux inayowaka nayo iwe karibu.

Usanidi usiuanze sifuri. Nakili faili la config la keneli unayotumia sasa kutoka /boot, liite .config, halafu endesha make olddefconfig. Kabla ya kupunguza chochote, lsblk -f ikuonyeshe mfumo wa mafaili, na lspci -k draiva inayoendesha diski. Kwa diski ya NVMe yenye ext4, CONFIG_BLK_DEV_NVME na CONFIG_EXT4_FS hazikwepeki. Zikiwa y, zimo ndani ya keneli. Zikiwa m, ni moduli zinazokaa kwenye diski ileile ambayo keneli bado haijaifungua, kwa hiyo lazima initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na keneli) izibebe.

Hapa ndipo wengi hukwama. Hata draiva zote zikiwa y, keneli peke yake haielewi root=UUID= (kitambulisho cha mfumo wa mafaili); kazi hiyo hufanywa na initramfs. PARTUUID (kitambulisho cha sehemu ya diski) inaielewa. Basi angalia /boot: kila vmlinuz (faili la keneli) iwe na initrd.img (faili la initramfs) ya toleo lilelile. Angalia na nafasi kwa df -h /boot, maana moduli zenye taarifa za utatuzi huivimbisha initramfs mno; make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install huzipunguza. Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizotiwa saini tu kompyuta inapowaka, ikiwa imewashwa (angalia kwa mokutil --sb-state), keneli isiyotiwa saini itakataliwa mapema kabisa.

Ukiona unknown-block(8,1) badala ya (0,0), diski imeonekana, ni sda1. Shuku mfumo wa mafaili. Fsck (programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili) usiiendeshe kwenye sehemu iliyopachikwa. Na kama dmesg (orodha ya ujumbe wa keneli) ya keneli ya zamani nayo inaonyesha I/O error, tatizo ni diski yenyewe au kebo yake: hamisha data kwanza.