SOMO: Namna ya kuandaa gemu yako kwa ajili ya tamasha na shindano la gemu za indie (wanafunzi mmo)

Wakuu habari za muda huu. Kila msimu wa matamasha ukikaribia maswali ni yale yale, "gemu yangu iko nusu nitume au nisubiri mwaka kesho", "wanafunzi tunaruhusiwa", "lazima niende mwenyewe", kwa hiyo nimeamua nishushe somo zima hapa, mwenye swali aulize chini nitajibu nikipata bando.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Gemu ya indie ni ile inayotengenezwa na mtu mmoja au katimu kadogo bila kampuni kubwa kushika pochi. Tamasha kongwe la hizi gemu ni Independent Games Festival, wenyewe wanaita IGF, liko San Francisco, tuzo zake zilianza kutolewa 1999 na lina kipengele cha wanafunzi peke yao. Berlin kuna A MAZE, ambayo kuna miaka ilikuwa inafanyika na Johannesburg pia. Huku kwetu Afrika, Cape Town kuna Playtopia ambayo ni ya wasanii na gemu za ajabu ajabu, na kuna Africa Games Week ambayo imekaa kibiashara zaidi, wachapishaji na wawekezaji ndio wanazunguka pale. Mtu wa Dar au Nairobi mimi namwambia aanzie Cape Town, sababu nitaigusa kwenye maswali.

Na msije mkadhani ni mambo ya Wazungu tu. Desktop Dungeons ya jamaa wa QCF Design, Cape Town hiyo hiyo, ilibeba tuzo ya usanifu wa gemu pale IGF mwaka 2011. Broforce ya Free Lives ilianza kama kigemu cha jam (shindano la kutengeneza gemu kwa siku chache), Ludum Dare ya 2012, wikiendi moja tu. Halafu kuna Semblance ya Nyamakop, ilianza kama kazi ya chuo pale Wits, Johannesburg, na mmoja wa waanzilishi, Cukia Kimani, ni mtu wa Kenya, 2018 ikatoka hadi kwenye mashine ya gemu ya Nintendo Switch. Ukiishika Semblance unaielewa kabla hujasoma chochote, ardhi yenyewe ni laini kama udongo wa mfinyanzi, unaigonga inabonyea, ukiibonyeza juu unapata kilima cha kurukia, basi, gemu imeshajieleza. Hapo ndipo ninapotaka tufike sote: gemu inayojieleza yenyewe wewe ukiwa haupo, maana jaji atakuwa anacheza kwake usiku, ana foleni ya gemu nyingine zinamsubiri na hana namba yako ya simu.

HATUA YA 1: Soma sheria mpaka mwisho

Wengi hapa wanaruka. Angalia vitu vitatu: nani anahesabika mwanafunzi (mara nyingi wanataka gemu iwe imetengenezwa mkiwa bado chuoni, ukimaliza mwezi wa saba usidhani umekosa, soma kwanza), kama gemu iliyokwisha kutoka sokoni inaruhusiwa, na saa ya dedlaini. Hiyo saa imeua watu. Wakisema mwisho saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za San Francisco, kipindi chao cha kiangazi huku kwetu ni karibu saa nne asubuhi ya kesho yake, na wakirudisha saa nyuma mwezi wa kumi na moja inakuwa karibu saa tano. Wewe iandike kwenye simu kwa saa za kwetu na usitume siku ya mwisho, intaneti ya huku unaijua.

HATUA YA 2: Kata

Una levo kumi na mbili, tatu ndio tamu. Tuma hizo tatu. Najua inauma lakini jaji hapimi gemu kwa uzito. Tazama Narbacular Drop, gemu ya wanafunzi wa DigiPen kule Marekani, ilikuwa fupi, picha zake za kawaida kabisa, ila ilikuwa na wazo moja la kupita kwenye milango miwili uliyoifungua mwenyewe ukutani. Ikaingia orodha ya wanafunzi ya IGF 2006, kampuni ya gemu ya Valve wakaajiri timu nzima, mwaka 2007 ikazaliwa gemu maarufu ya Portal. Baadaye wanafunzi wengine wa chuo hicho hicho walikuja na Tag, gemu ya kupaka rangi sakafu ili uruke au ukimbie kwa kasi, nao wakachukuliwa, rangi zile zikatokea ndani ya Portal 2. Zote mbili ni wazo moja moja tu lililokamuliwa mpaka tone la mwisho.

Kama huna wazo la namna hiyo bado, ingia jam. Global Game Jam ipo kila mwaka tangu 2009, mwishoni mwa Januari hivi, kwa kawaida masaa 48, unapewa mada unatengeneza. Muda ukiwa mdogo hivyo hata ukitaka kuongeza makorokoro huwezi.

HATUA YA 3: Dakika tano za kwanza

Hapa nitakaa kidogo. Kuna timu moja ya wanafunzi walinionyesha demo ya gemu ya konda wa daladala, wazo zuri sana, abiria wanapanda, wanakupa noti, unarudisha chenji kabla kituo hakijafika. Sasa ukifungua tu unakutana na ukurasa mzima wa maelezo, tena kwa Kiingereza, kanuni kumi na kitu. Tukamwita binti mmoja aliyekuwa anasubiri kuprinti makaratasi yake, tukampa laptop bila kusema neno. Akasoma mistari miwili, akabonyeza bonyeza mpaka maandishi yakaisha, akaingia kwenye gari. Abiria kanyoosha mkono na noti ya elfu mbili, binti anaiangalia. Anaiangalia tu! Hakuna kinachomwambia aibofye. Wale vijana wanakaribia kulia, mmoja anataka kumnong'oneza, nikamzuia.

Dawa yake ilikuwa rahisi: wakafuta ukurasa wote, abiria wa kwanza akawa mmoja tu ndani ya gari tupu, noti inatikisika kidogo, hakuna kingine cha kugusa kwenye skrini. Ukiigusa, sarafu zinamwagika mkononi na sauti ile ya "chwaa". Abiria wa pili anakupa noti kubwa zaidi, wa tatu anasema ni mwanafunzi. Hapo mtu kajifunza gemu nzima na hajasoma kitu.

Kwa hiyo tafuta watu ambao sio marafiki zako na sio madevelopa, wape, funga mdomo, andika kila sehemu wanapokwama. Mtu akikuuliza "hapa nafanyaje" usijibu, andika tu. Na logo zako za kuanzia zisizidi sekunde mbili, hakuna anayekujua bado.

HATUA YA 4: Bildi

Bildi ni lile faili la mwisho la kuchezea. Andaa ya Windows kwanza, ya wavuti iwe nyongeza. Kwa wavuti itch.io (tovuti ya kuweka gemu) inatosha, ni bure, na unaweza kuufunga ukurasa kwa neno la siri ukawapa majaji tu. Mambo yanayosumbua pale: faili la kuanzia lazima liitwe index.html na likae juu kabisa kwenye zipu, faili zisizidi 1,000, na majina ya faili yanajali herufi kubwa na ndogo, kwenye Windows yako Konda.png na konda.png ni kitu kimoja ila kwenye seva ni vitu viwili, ndio maana picha zinapotea. Wanaotumia Godot (programu ya kutengenezea gemu), kuanzia toleo la 4.3 unaweza kuekspoti ya wavuti bila thredi (kugawa kazi ziende sambamba), fanya hivyo, utaepuka ile skrini nyeusi. Ila kama umeandika kwa C# kwenye Godot 4, wavuti sahau kwa sasa.

Kisha chukua laptop ambayo haijawahi kuona gemu yako, dhaifu kama ipo, izime intaneti, uwashe gemu. Windows ikitoa onyo la bluu kuwa programu haijulikani usishtuke, ni kwa sababu faili halina sahihi ya kulipia, mwandikie jaji mstari mmoja namna ya kupita.

HATUA YA 5: Fom, trela, picha

Hii napita haraka. Trela dakika moja au chini, sekunde tano za kwanza ni mtu anacheza, sio maandishi yanaelea kwenye giza. Picha tano za ndani ya gemu, isiwe menyu. Maelezo: sentensi ya kwanza iseme mchezaji ANAFANYA nini. "Wewe ni konda, rudisha chenji kabla ya Ubungo" inatosha, hadithi ya maisha ya konda ije baadaye. Muziki uwe wako, au una ruhusa ya maandishi, au ni wa leseni huru. Picha na sauti za tovuti ya Kenney ni bure kabisa unatumia unavyotaka, tovuti ya Freesound kuna sauti nyingi ila kila sauti ina leseni yake, soma moja moja.

HATUA YA 6: Ukichaguliwa, meza

Ukumbini ni kelele, kwa hiyo kila kinachosemwa kiwe na maandishi pia na ubebe hedifoni mbili. Pedi za kuchezea gemu ziwe za waya, acha za bluetooth, ukumbi ukiwa na vifaa mia vyote vinarusha mawimbi pedi yako itakuwa inakatika katika. Weka gemu ijirudishe mwanzo yenyewe kama hakuna aliyegusa kitu kwa dakika moja, la sivyo kila mtu atakuta imeachwa katikati ya levo ya tatu. Ekstensheni yako, gundi ya karatasi, leso ya kufutia pedi, bildi kwenye flashi mbili. Na usikae mbele ya skrini, simama pembeni.

MASWALI YA WADAU

Kete64: Mkuu shukrani kwa nondo. Mimi nina gemu ya bao la kiswahili, mashimo 32 kete 64, kila kitu kinafanya kazi. Ila kwa hoja yako ya kujieleza yenyewe nakwama, bao halijielezi hata kwa wazee wangu wa Unguja, linafundishwa miaka.

Jibu: Swali zuri hili. Usilete namua (ile awamu ya kwanza ya kuingiza kete za akiba) yote siku ya kwanza. Anza na mchezaji ambaye ana shimo moja lenye kete mbili, anazisambaza, ya mwisho ikiangukia kwenye shimo la mstari wa mbele lenye kete na upande wa mpinzani mbele yake napo pana kete, anakula. Umalize hapo, umpe jingine gumu kidogo. Yaani lifanye mafumbo mafupi mafupi kwanza, mechi kamili aifungue mwenyewe baadaye. Na sauti ya kete kugonga mbao irekodi kwenye bao la kweli, sio ya kompyuta, jaji wa nje hilo atalisikia hata kama sheria hazijui.

binti_wa_Mwanza: Habari kaka, je lazima niende mwenyewe? Nauli ya Marekani mimi siiwezi hata kwa ndoto, na visa ndio kabisa.

Jibu: Kutuma gemu haihitaji kusafiri dada, majaji wanacheza mtandaoni. Safari inakuja ukiingia fainali, na hapo waandikie waandaaji mapema uulize kama kuna msaada wa nauli, kuuliza sio kuomba omba. Ndio maana nimesema Cape Town kwanza, Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila visa hadi siku 90, na Wakenya nao walifunguliwa mlango huo kuanzia Januari 2023. Cheti cha homa ya manjano kaa nacho, na chanjo uchome mapema maana inahesabika baada ya siku 10.

Otis wa Eldoret: Niaje boss. Mimi niko na gemu ya simu, Android tu. Si ni lazima iwe Play Store kwanza ndio nitume?

Jibu: Poa sana. Hapana, APK (faili la kusakinisha gemu kwenye Android) inatosha kwa matamasha mengi, soma tu sheria kama wanapokea gemu za simu. Play Store unalipa dola 25 mara moja, ila akaunti mpya ya mtu binafsi wanataka wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla hawajakufungulia, kwa hiyo ukiwa na mpango huo anza sasa. Steam, lile duka la gemu za kompyuta, wenyewe ni dola 100 kwa kila gemu, wanakurudishia gemu ikiingiza dola 1,000. Kwa mwanafunzi anayetafuta tamasha tu, pesa hiyo nunua pedi mbili za waya.

FundiPikseli: Picha nimetengeneza na AI, nitafukuzwa?

Jibu: Inategemea tamasha, wapo wanaokataza kabisa na wapo wanaotaka useme. Usifiche. Steam nao tangu Januari 2024 wanataka utamke. Mimi binafsi, na hapa mtanisamehe, afadhali vikatuni vya fimbo ulivyochora mwenyewe kwenye daftari ukavipiga picha, kwenye meza yenye gemu ishirini ndio vitaonekana.

Nyota ya Mrima: Nimeweka kionjo cha bongofleva cha sekunde 10 tu, si haina shida? Nasikia chini ya sekunde 15 ni sawa.

Jibu: Hakuna sheria ya hivyo, hiyo ni stori ya vijiweni. Sekunde kumi za wimbo wa mtu ni wimbo wa mtu. Toa, au mtafute mwenye wimbo akuandikie ruhusa. Kuna maprodyuza wachanga kibao mtaani kwako, mmoja atakutengenezea biti kwa kuwekwa jina tu, na ataitangaza gemu kwao pia.

Otis wa Eldoret: Ya mwisho boss. Tuko watatu, mmoja ashaacha kushow up tangu mwezi wa tano. Tukishinda pesa inagawanywa aje?

Jibu: Hiyo malizeni KABLA ya kutuma, baada ya ushindi hamtaelewana. Kaeni hata kwa simu, andikeni karatasi moja: nani kafanya nini, nani anamiliki kodi za programu (code) na michoro, asilimia ya kila mtu, na kwamba aliyeondoka jina lake linabaki kwenye orodha ya watengenezaji kwa kazi aliyofanya. Kama chuo kimewapa vifaa au gemu ilikuwa mradi wa mwisho, muulizeni msimamizi chuo kinadai nini. Wote watatu msaini, kila mmoja abaki na nakala, na huyo aliyepotea mtafuteni kupitia hata dada yake.